Muuguzi wa Magoma aheshimiwe kwa nyumba, si kwa hotuba tu

Kila Mei 12, Siku ya Wauguzi Duniani, mishumaa huwashwa, kiapo hurudiwa na viongozi hutoa hotuba. Ni jambo jema. Lakini heshima inayoishia uwanjani haimfikii muuguzi wa Magoma, wilayani Korogwe, anayempokea mjamzito usiku wa manane ilhali Hospitali ya Magunga iko mbali, mjini. Huyo anahitaji nyumba jirani na kituo na mwenzake wa kupokezana zamu. Na anastahili. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Majengo, dawa na magari ya wagonjwa vimechangia kushuka huko, hilo halina ubishi, ila jengo halimzalishi mtu. Korogwe yenyewe ilikuwa miongoni mwa vituo 11 barani Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Leo chanjo za watoto wetu zinapita mikononi mwa wauguzi.

Wapo wanaosema wauguzi wana lugha chafu. Malalamiko hayo yasipuuzwe. Baraza la Uuguzi na Ukunga lina mamlaka ya kuwaadhibu wakosaji, na liyatumie. Hata hivyo adhabu haipunguzi foleni, na aliyekesha peke yake na wodi nzima huishiwa subira mapema. Kwa hiyo halmashauri za Korogwe na jirani yake Handeni zitenge fedha za nyumba za wauguzi katika bajeti ijayo.