Kola ya Umeme: Nunua Nzuri au Usinunue

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba rahisi ni ghali. Wasomaji wapenzi, sikuishika kalamu hii ili kutafuta sifa katika jarida la chama chetu, la hasha! Nimeishika kwa sababu mbwa wetu Bobi hana mdomo wa kujitetea.

Madukani siku hizi kuna kola za umeme za kuwafunzia mbwa. Kwa asiyezijua, kola hii ni ukanda wa shingoni wenye kisanduku kidogo cha betri na ncha mbili za chuma zinazogusa ngozi. Mwenye mbwa hushika rimoti. Akibonyeza kitufe, kola hulia, au hutetemeka kama simu, au humpiga mbwa shoti. Maoni yangu ni kwamba ubora wa kola hii haupimwi kwa ukali wake bali kwa upole na uhakika wake. Asiyeweza kununua iliyo bora, heri asinunue kabisa.

Nasema haya kwa kuwa yametupata. Bobi alikuwa na tabia moja mbaya, ya kuwafukuza kuku wa jirani. Alipoua wa pili, jirani alikuja kwetu na manyoya mkononi, akamwambia mama, "Huyu mbwa wenu akikanyaga kwangu tena nitamwekea sumu." Hakuwa akitania. Mjomba akasema dawa ipo. Akashuka mjini, akarudi na kola ya shilingi 2,800. Muuzaji alikuwa amemsifia ati ina nguvu, mbwa atajua hajui!

Jumamosi hiyo Bobi akaanza kumnyatia kuku. Mjomba akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Dada yangu wa miaka saba akaita, "Bobi, njoo!" Bobi akamwacha kuku, akaja mbio huku akitikisa mkia. Alipomfikia dada yangu, ndipo shoti ilipompata. Alilia mlio ambao sijawahi kuusikia, akakimbilia chini ya mkokoteni na hakutoka hadi usiku. Tangu siku hiyo, dada akimwita, Bobi hufyata mkia na kuonyesha meno. Na kuku je? Aliendelea kuwafukuza kama kawaida!

Kosa lilikuwa wapi? Mbwa huunganisha mambo yanayotokea kwa pamoja. Mtaalamu wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyepata tuzo ya Nobeli mwaka wa 1904 kwa utafiti wake kuhusu usagaji wa chakula mwilini, alionyesha kwamba mbwa aliyezoea kusikia sauti fulani kabla ya kulishwa hudondokwa na mate kwa kuisikia sauti hiyo tu. Bobi naye hakuunganisha maumivu na kuku. Aliyaunganisha na dada yangu, maana ndiye aliyekuwa mbele yake. Sekunde mbili tatu za kuchelewa zilitosha kuharibu urafiki wa miaka minne.

Basi anayetaka kununua atazame nini? Kwanza kabisa, kola ijibu papo hapo kitufe kinapobonyezwa. Ijaribiwe dukani mara nyingi, si mara moja. Pia umbali unaoandikwa kwenye boksi usikudanganye, kwa kuwa huo ni wa mahali peupe. Penye kuta na miti mingi, mawimbi ya rimoti hayafiki mbali hivyo.

Pili, iwe na ngazi nyingi zinazoanzia chini sana. Ile yetu ilikuwa na tatu tu. Mimi niliijaribu mkononi mwangu ngazi ya kwanza, na rimoti karibu inidondoke! Ngazi ifaayo ni ile inayomfanya mbwa asimamishe sikio, si ile ya kumliza. Tena iwe na sauti na mtetemo, kwani mbwa wengi hawahitaji zaidi ya hapo, na ijizime yenyewe baada ya sekunde chache hata kama kidole kimeganda kwenye kitufe.

Tatu, isiingie maji. Ukiona alama ya IPX7, maana yake kifaa kinaweza kuzama kwenye maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa bila kuharibika. Mbwa wetu hulala nje masika yote, kwa hivyo jambo hili si la anasa. Nne, kola imkae vizuri. Vidole viwili vipite kati ya ukanda na shingo, na usiku ivuliwe, kwani zile ncha zikikaa mahali pamoja huleta vidonda.

Kuhusu zile kola zinazompiga mbwa shoti kila anapobweka, kusema kweli sizielewi. Mbwa wa kulinda boma akinyamazishwa, atakayeshukuru ni mwizi.

Wapo watakaonicheka na kusema mbwa ni kiboko tu. Hao nawakumbusha kwamba Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na anayempiga au kumtesa mnyama kikatili ni mkosaji. Wapo pia watakaosema kola zote za umeme ni ukatili. Wales ilizipiga marufuku mwaka wa 2010. Hao siwezi kuwapinga sana baada ya niliyoyaona kwa macho yangu. Ninachosema ni kwamba, atakayeamua kununua asidanganywe na muuzaji anayesifu nguvu. Amuulize, "Hii ikiwa chini kabisa, ni pole kiasi gani?" Akikosa jibu, arudishe pesa mfukoni.

Sisi tuliiweka ile kola juu ya kabati. Nilinunua kamba ndefu, na kila jioni nikitoka shule humpitisha Bobi karibu na ua wa jirani. Akimtazama kuku kisha akanigeukia, namtupia kipande cha utumbo wa kuchemsha. Mkono mtupu haulambwi! Hapo mwanzo jirani alisimama mlangoni akinitazama kwa mashaka. Sasa miezi miwili imepita na hakuna kuku aliyekufa, ingawa kamba bado sijathubutu kuifungua.

Dada yangu naye humtupia Bobi kipande kutoka mbali. Wiki iliyopita Bobi alikula akiwa hatua mbili tu kutoka kwake, halafu akarudi nyuma. Hatua mbili hizo hazipatikani dukani, hata ungekuwa na pesa za kununua kola ya bei ghali kuliko zote.