MMEA UNAOSAFISHA UDONGO HAULIWI (Sehemu ya 4)

Tangu niandike kuhusu zebaki, swali linalorudi ni hili: "Nesi, eti alizeti inasafisha udongo wenye sumu? Nipande uani, sisi tunakaa karibu na karasha."

Ni kweli, ipo mimea inayonyonya metali kwa mizizi na kuipandisha hadi kwenye majani. Alizeti na haradali zimejaribiwa nchi nyingi. Tumbaku, zao letu la Urambo na Kaliua, kwa asili yake hunyonya kadimiamu na kuitunza kwenye jani; mvutaji anaimeza na moshi. Na kule Katanga, walikokuwa wakienda Wanyamwezi kufuata shaba enzi za misafara, kuna vimea vinavyostawi juu ya udongo wa shaba ambako miti imeshindwa.

Sasa nisikilizeni vizuri. Sumu hiyo haijafa, imehama tu. Imetoka udongoni, iko kwenye jani. Na mchicha nao unanyonya! Ukiuotesha kando ya marudio pale Nzega, unaweza kupendeza kabisa, kijani kibichi, kumbe umebeba mzigo. Kuosha kunatoa vumbi la juu. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini risasi na kadimiamu haziuawi na moto wa jikoni. Na mtoto mdogo hunyonya risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, ikiingia kwa mdomo. Ndiyo ubongo unajengwa hapo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: shamba la kusafisha na shamba la kula yasikae pamoja. Mmea uliopandwa kusafisha usiliwe, mbuzi wasipewe, usiwe kuni wala mboji. Ung'olewe na upelekwe mahali salama, na hiyo ni kazi ya wataalamu. Tena ni kazi ya miaka mingi, si msimu mmoja. Na zebaki inayochomwa leo inaruka hewani, hakuna alizeti ya kuizuia.

Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Basi tuulize kwenye mikutano ya kijiji: udongo wetu utapimwa lini? Aliyechafua ndiye asafishe. Mama asibebeshwe mzigo huo na jembe lake.

Wewe leo fanya haya: mboga otesha kwenye viroba, udongo uutoe mbali na machimbo. Maji ya kunyeshea yasitoke kwenye mabwawa ya kuchenjulia. Baba akitoka kazini, viatu na nguo abadilishe nje kabla hajambeba mtoto. Mjamzito, acha kula udongo, hata ule wa sokoni.

Mtumie shoga yako mwenye bustani karibu na karasha. Sehemu ya 5: maji ya kisima.