Tuyaachie Maji Njia Yake Kabla ya Kugawa Viwanja

Ndugu zangu wa Mkuranga, Kisarawe, Kibaha na Bagamoyo, na ninyi mnaotoka Dar es Salaam kila mwisho wa wiki kuja kwetu kutafuta mahali pa kujenga, naomba tuongee kuhusu mabonde yetu kabla hayajauzwa yote.

Biashara yenyewe sote tunaijua. Msimu wake mkubwa ni kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka na njia inapitika hata kwa gari dogo. Dalali anamtembeza mteja katika shamba la mikorosho lililokatwa vipande vya mita 20 kwa 20, bikoni zimesimama, chokaa imemwagwa kuonyesha barabara. Ardhi inapoinama kidogo, bei nayo inashuka, na mteja akiuliza sababu anaambiwa ni kabonde kadogo tu, akimwaga kifusi mambo yamekwisha. Mteja ana akiba aliyoikusanya kwa miaka, amechoka kupanga, na bei hii anaimudu. Wanaandikishana mbele ya mashahidi, muhuri wa kijiji unagongwa, pesa inahesabiwa. Machi masika yakifika, mwenye kiwanja anagundua kwamba alichonunua ni njia ya maji.

Mabonde yetu hayafichi historia yake kwa anayetaka kuisoma. Panapoota matete na ndago, maji hukaa. Udongo mweusi wa mbuga unaopasuka nyufa pana wakati wa jua huvimba mvua ikinyesha, na nyumba iliyosimama juu yake kwa msingi wa kubahatisha huanza kupasuka kuanzia kwenye kona za madirisha. Na ukiwa bado na shaka, mtafute bibi aliyekuwa akilima mpunga pale. Mpunga wa kwetu hatuulimi kwa bomba. Tunaupanda mahali ambapo maji huja yenyewe na kutuama mpaka mche ushike. Eneo lililowalisha watu wali vizazi viwili halitageuka kuwa pakavu kwa sababu limepigwa bikoni. Panapolimwa mpunga, ndugu yangu, usijenge.

Kifusi nacho tukiseme wazi. Anayemwaga kifusi anainua kiwanja chake, lakini maji yaliyokuwa yakipita hapo yanahamia kwa jirani. Jirani naye anamwaga lori tano na kuzungusha ukuta wa matofali, maji yanahamia nyumba ya tatu, kisha ya nne, hadi yanamfikia mzee asiyekuwa na pesa ya lori hata moja. Kila mmoja katika mstari huo amefanya alichoona ni busara kwa familia yake, na matokeo yake mtaa mzima uko majini. Ndiyo maana jambo hili siliandiki kama ushauri kwa mnunuzi mmoja mmoja. Hakuna mnunuzi, hata awe mwangalifu kiasi gani, anayeweza kulimaliza peke yake ndani ya bikoni zake nne.

Sheria haikunyamaza. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imeiweka ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe miongoni mwa ardhi zinazoweza kutangazwa kuwa hatarishi, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita hizo. Lakini mita 60 zinahesabiwa kutoka kwenye mto, na maji mengi yanayotusumbua hayapiti katika mto wenye jina kwenye ramani. Yanapita katika mikondo ya msimu, makorongo mafupi na vibonde ambavyo mpimaji aliyekuja Agosti hawezi kuviona. Anayevijua ni mwenyeji, na mwenyeji akikaa kimya siku ya kuuza, ujuzi huo unapotea na gharama inabaki.

Gharama yenyewe tumeshaiona. Bonde la Msimbazi lilijazwa nyumba kidogo kidogo, kila nyumba na sababu yake. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuwalazimu waathirika wengi kuhamishiwa Mabwepande, na miaka mingi baadaye serikali bado ilikuwa ikilipa fidia na kubomoa ili bonde lirudi kuwa bonde. Desemba 3, 2023, tope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na kuua zaidi ya watu 80. Mwezi wa nne mwaka 2024, wakati Rufiji na Kibiti ziko chini ya maji, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Mvua kubwa zitarudi. Kinachoweza kubadilika ni nani atakuwa amelala kwenye njia yake.

Mafuriko angalau yanaonekana. Kuna jambo jingine linalotuumiza polepole, nalo ni choo na kisima. Wataalamu wa afya ya mazingira wanashauri kisima kiwe angalau mita 30 kutoka shimo la choo, na choo kiwe upande wa chini wa mteremko. Sasa pima kiwanja chako cha 20 kwa 20. Kutoka kona moja hadi kona ya mbali kabisa, kwa kukata katikati, ni mita 28 na kitu. Hata ukichimba kisima kona hii na choo kona ile, hujafikia mita 30. Na ng'ambo ya ukuta yuko jirani ambaye choo chake kiko mita nne kutoka kisima chako, na wewe hukuulizwa. Udongo wetu wa kichanga hunywesha maji upesi, tunausifia kwa hilo, lakini hupitisha na uchafu wa choo upesi vilevile. Ongeza na ile tabia ya kutapisha vyoo mvua inaponyesha, utaelewa kwa nini kipindupindu hakituachi.

Kwa viwanja vya ukubwa huo, dawa ni kisima kimoja au viwili vya pamoja, vilivyochimbwa upande wa juu, kwa kibali cha bodi ya maji ya bonde husika, katika eneo lililoachwa wazi tangu siku ya kukata viwanja. Eneo hilo likishauzwa, hakuna namna ya kulirudisha. Visima vingi vya karibu karibu vina ubaya mwingine pia: kwa walio karibu na bahari, kuvuta maji kupita kiasi kunayaita maji ya chumvi, na kisima kikishaingia chumvi ni hasara ya wote. Wenzetu wanaonunua mashamba chini ya Mlima Meru au Singida wana mtihani wao, madini ya floraidi, ambayo huwezi kuyaona wala kuyaonja. Yakizidi sana kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita, meno ya watoto hubadilika rangi kuwa ya kahawia, na yakiwa mengi zaidi mifupa hupinda. Huko usilipe hata shilingi ya kwanza kabla maji ya jirani hayajapimwa maabara.

Basi nawaombeni tufanye hivi. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu. Katika mkutano ujao wa kijiji chako, simama uombe ajenda moja: mikondo ya maji ya kijiji. Wazee na kina mama wanaolima mabondeni watoke na vijana, watembee, waonyeshe maji yanaingilia wapi, yanatuama wapi na yanatokea wapi. Pawekwe alama, miti ipandwe kandokando, na mtendaji aandike kwenye muhtasari. Halmashauri ya kijiji ina uwezo wa kupendekeza sheria ndogo, mkutano mkuu ukaipitisha na halmashauri ya wilaya ikaidhinisha. Iandikwe humo kwamba muhuri wa kijiji haugongwi kwenye mauziano ya kiwanja kilicho ndani ya alama hizo. Na kijiji ambacho hakijawa na mpango wa matumizi ya ardhi kiudai wilayani sasa, kwa barua, si kwa kunong'ona.

Kwenu wenyeji wenzangu tunaouza, najua kwa nini tunauza. Ni ada ya shule, ni matibabu, ni mabati. Simlaumu mtu kwa hilo. Lakini bonde linaweza kukodishwa kwa mpunga na mboga mwaka hadi mwaka likaendelea kuwa la familia, na kumuuzia mtu mahali tunapojua patazama ni dhuluma, hata kama mnunuzi ametia sahihi kwa furaha. Mikorosho na miembe iliyoko kwenye mteremko isifyekwe yote siku ya kukata viwanja. Mizizi yake ndiyo inayoshika mchanga usishuke barabarani.

Nanyi wanunuzi, njooni Aprili, mvua ikiwa inanyesha, mkiwa na viatu vya mvua. Mkija kiangazi, ombeni kuona muhtasari wa kijiji kuhusu mikondo ya maji kabla ya kuuliza bei, na kijiji kisichokuwa nao mkiambie kwamba mtarudi utakapokuwepo. Pesa yenu ndiyo sauti inayosikika haraka kuliko zote katika jambo hili. Mlionunua eneo moja, tafutaneni kabla ya kuanza kuchimba misingi. Kundi la WhatsApp la majirani kumi linatosha kukubaliana choo kikae upande gani, kisima cha pamoja kiwe wapi, na ukuta wa nani usizibe mkondo.

Waliokwisha kujenga bondeni hawastahili kuzomewa. Wengi walidanganywa. Kinachowafaa ni majirani wa juu kuacha kuwamwagia maji, mifereji iliyozibwa kufunguliwa kwa nguvu ya wote, na wakihamishwa wahamishwe kwa utaratibu na fidia stahiki.

Hakuna kati ya haya linalongoja mradi wala mfadhili. Uliza leo kwa mtendaji wako mkutano mkuu ujao ni tarehe ngapi, upeleke ajenda hiyo kwa maandishi, na uje na jirani mmoja wa kukuunga mkono.