Asiyesoma darasa la tatu ni wa nani?

Mtoto akimaliza darasa la pili hajui kusoma, kinachomngoja darasa la tatu ni Sayansi, Hisabati, Kiingereza na mrundikano wa masomo mengine, yote kwenye vitabu asivyoweza kuvisoma. Kipindi cha kumfundisha kusoma hakipo tena.

Mtaala wa KKK ulioanza Tanzania mwaka 2015 ulifanya kusoma, kuandika na kuhesabu kuwa kazi kubwa ya darasa la kwanza na la pili. Uamuzi ule ulikuwa sahihi. Shida ni kwa mtoto aliyechelewa. Mwalimu wa darasa la pili ameshampandisha. Mwalimu wa darasa la tatu anafungua muhtasari wa somo, nao unamtaka aendelee kana kwamba wote wanasoma. Mzazi anasema kazi ya kusomesha ni ya shule. Kila mmoja ana sababu yake, na mtoto anabaki hana mwenyewe.

Tena mtoto huyu hujificha vizuri. Ananakili ubaoni kwa mwandiko wa kupendeza, daftari limejaa vema nyekundu, na baba akilifungua jioni anaridhika. Akiambiwa asome kitabu cha Kiswahili, anatazama picha ya mkulima na ng'ombe wake kisha anatiririka ukurasa mzima, maana ameusikia darasani mara nyingi hadi ameukariri. Ziba picha kwa kiganja, mwoneshe neno la katikati ya mstari, useme: hili? Hapo ndipo ukweli unapojulikana.

Mzazi hahitaji mtaalamu ili kujua mtoto amekwama wapi. Chukua karatasi, andika kwa herufi ndogo: kaka, meza, ndizi, mbwa, ng'ombe. Anayepita kaka na meza akasimama kwenye ndizi anajua silabi nyepesi, bado hajafundishwa vizuri konsonanti zinazofuatana. Anayesimama kwenye kaka yuko nyuma zaidi, na kumpa kazi za darasa la tatu ni kumwonea.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia. Irabu ni tano, hazibadiliki sauti, na karibu kila silabi huishia kwa irabu. Kwa nini basi watoto wanakwama? Wengi wamefundishwa wimbo badala ya kusoma. Ba be bi bo bu wanaiimba darasa zima, kwa makofi, na mgeni akipita dirishani anafurahi. Mwite mmoja, mwandikie bo peke yake: anaanza kimoyomoyo kutoka ba, anahesabu kwa vidole mpaka afike. Huyo anajua wimbo.

Kuna pia wale waliopitia chekechea za Kiingereza, ambako a ni "ei", e ni "ii" na i ni "ai". Wakihamia shule ya Kiswahili wanakuta e inasomwa e, na ile sauti waliyoambiwa ni ya e sasa ni ya i. Mtoto anasoma miza badala ya meza, tunamwita mzembe. Wengine nyumbani wanazungumza Kisukuma, Kiha au Kimaasai, na Kiswahili wanakikuta darasani siku hiyohiyo wanapokutana na herufi. Wengine walikosa wiki nyingi kwa sababu ya malaria, au familia ilihama katikati ya muhula. Na wapo ambao hawaoni ubao. Kabla ya jambo lolote, mtoto apimwe macho na masikio. Inashangaza ni wangapi hukemewa mwaka mzima kwa kosa la kukaa dawati la nyuma.

Hao wote wakiondolewa, bado wanabaki wachache ambao ubongo wao unapata tabu ya kuunganisha herufi na sauti. Wataalamu wanaiita disleksia, na haina uhusiano na uvivu wala upungufu wa akili. Kwa lugha yenye tahajia nyoofu kama yetu, mtoto wa namna hii anaweza asikosee sana maneno. Ila husoma kwa kujikokota, silabi moja moja, akifika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo wake. Tunasema "anasoma polepole tu" na kumwacha. Anahitaji mafunzo yaleyale ya wenzake, kwa utaratibu zaidi na kwa muda mrefu zaidi, na shule impe nafasi ya kujibu kwa mdomo wakati bado anahangaika na maandishi.

Dawa ya wengi ni kuanzia pale walipokwamia. Jambo hili ni rahisi kulitamka kuliko kulifanya, kwa kuwa mzazi mwenye wasiwasi hukimbilia tuisheni, na tuisheni ya darasa la tatu hurudia mambo ya darasa la tatu. Mtoto analipiwa ili asielewe mara mbili kwa siku.

Kusanya vizibo vya soda, andika silabi moja kila kizibo kwa kalamu ya wino mzito: ka, ta, ma, la. Weka ta na ka mezani, asome: taka. Vibadilishe nafasi: kata. Leta ma: tama, kama, mata. Aambiwe kuwa mata si neno tunalotumia kila siku, lakini amelisoma sawasawa, na hiyo ndiyo hoja: amesoma kitu ambacho hakuna aliyemwimbia. Silabi nne au tano kwanza, mpaka zimkae, ndipo zije nyingine. Mba, ndi na ng'o zisubiri. Robo saa kila siku inatosha, na inashinda saa tatu za Jumamosi zinazoishia kwa machozi. Akikwama, mwache kwanza apambane kidogo. Wazazi wengi humdokezea mtoto neno kabla hajafungua mdomo, kisha wanashangaa kwamba hajaribu.

Mwalimu bora nyumbani mara nyingi ni dada wa darasa la sita. Ana subira, na hajasahau alivyojifunza yeye. Mjomba mwenye shahada aachwe aangalie mpira.

Vitabu ni tatizo la kweli. Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwa ukihimiza uandishi wa vitabu vya hadithi kwa Kiswahili tangu mwaka 1991, na vipo vizuri, lakini nyumba nyingi hazina hata kimoja. Hapo mtoto atasoma mfuko wa unga, kibao cha duka na kanga ya bibi. Mzazi akumbuke tu kwamba kanga huandikwa kwa herufi kubwa, na mtoto amezoea ndogo; asimgombeze akishindwa kuitambua G.

Fimbo nayo isiingizwe humu. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinampa mamlaka ya adhabu hiyo mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na haizidi viboko vinne. Kukosea silabi si utovu wa nidhamu. Mtoto anayejua kwamba akikosea atachapwa huchagua kunyamaza, na mwalimu hawezi kurekebisha kosa asilolisikia.

Wajibu mkubwa uko shuleni. Utafiti wa Uwezo, uliofanywa na Twaweza kuanzia mwaka 2010, umeonesha mara kwa mara kwamba wapo watoto wengi wa darasa la tatu na zaidi wasioweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Kipimo chake ni karatasi yenye silabi, maneno, aya na hadithi fupi, na mtoto mmoja humaliza kwa dakika chache. Mwalimu yeyote anaweza kukifanya. Nchini India, shirika la Pratham limekuwa likiwagawa watoto kwa kiwango cha kusoma badala ya darasa, kwa muda maalumu kila siku, na Zambia imeichukua njia hiyo. Tunataka shule zetu zitenge muda kama huo kwa darasa la tatu na la nne.

Tutaambiwa hakuna walimu, uwiano unaotakiwa ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja na madarasa mengi yameshaupita kwa mbali. Ni kweli. Lakini nchi hii iliutangaza mwaka 1970 kuwa wa elimu ya watu wazima, na wengi waliojitolea kufundisha kisomo miaka ile walikuwa wamemaliza shule ya msingi tu. Kinachowazuia walimu wa sasa zaidi ni hofu ya muhtasari. Mwalimu akirudi kwenye silabi, mada hazitaisha, na wathibiti ubora wakija watauliza kwa nini. Basi wakubwa wa elimu, kuanzia wizarani hadi kwa Afisa Elimu Kata, waseme kwa maandishi kwamba mwalimu aliyebaki nyuma ya ratiba kwa sababu anafundisha watoto kusoma hana kosa. Bila barua hiyo, semina hazitasaidia kitu.

Na kwenye kikao kijacho cha wazazi, baada ya michango ya uji na mshahara wa mlinzi, mtu anyooshe mkono aulize: darasa la tatu wangapi hawasomi, nani anawafundisha, na saa ngapi? Mwalimu mkuu ajibu kwa orodha, jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, na muhula ujao aulizwe tena.