Alama za Mchezaji na Bei Yake

Wapo wenzetu wanaotaka kwamba muhula ujao ule mnada wetu wa wachezaji ufanywe kwa wachezaji wa mabweni yetu wenyewe. Mimi naupenda mnada huo, lakini shauri hili nalipinga.

Kwanza yafaa wazazi waelezwe mchezo wenyewe. Twakaa wanunuzi sita, kila mmoja na korosho 100, na kila mmoja lazima anunue wachezaji 11 wa Ligi Kuu, wakinadiwa mmoja mmoja. Kisha twahesabu waliyoyafanya uwanjani, na mwenye timu iliyofanya vizuri ndiye mshindi. Mchezo huu si wetu kwa asili. Mwaka 1980, huko New York, Daniel Okrent na rafiki zake walianza kununua hivyo wachezaji wa besiboli.

Katika mnada wa kwanza nilishindwa vibaya. Mshambuliaji mmoja alikuwa na alama 9 katika 10, nikampandia bei hata nikamchukua kwa korosho 60. Zilizobaki 40 zikawa za watu kumi. Nilidhani alama kubwa ndiyo bei kubwa. Sivyo. Wavuvi wa Kilwa Kivinje walijua jambo hili zamani: siku changu wanapojaa pwani bei huanguka, ingawa ni watamu vile vile kama jana. Mnunuzi halipii utamu tu, hulipia na uhaba.

Ndivyo ilivyo kwa wachezaji. Sote sita twahitaji kipa mmoja mmoja. Kipa bora ana alama 9, na wa sita ana 8. Basi amemzidi wa mwisho kwa alama 1 tu. Washambuliaji twahitaji wawili wawili, yaani 12. Aliye bora ana 9, na wa kumi na mbili ana 5. Kwa hiyo mshambuliaji wa alama 8, aliyemzidi wa mwisho kwa 3, ana thamani kuliko kipa wa alama 9.

Ukitaka bei hasa, fanya hivi. Korosho zote ni 600, na wachezaji ni 66. Mpe kila mchezaji korosho moja, zabaki 534. Jumlisha ziada za wote. Kwetu zilikuwa 89. Gawanya, na kila alama ya ziada yapata korosho 6. Basi kipa yule ni korosho 7, mshambuliaji wa alama 8 ni 19, na yule wangu niliyemnunua kwa 60 alistahili 25!

Lakini hesabu ikiwa sawa, je, alama zenyewe? Mchezaji wa Simba au Yanga huongezewa alama kwa jina la timu yake. Wa Namungo ya Ruangwa hupunguziwa, ingawa timu hiyo ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania mwaka 2020. Alama ni maoni ya mtu, hata ikiandikwa kwa tarakimu.

Mchezaji wa Ligi Kuu hasikii bei tuliyompa. Mwenzetu wa bwenini husikia. Muhula uliopita nilibandika mlangoni alama za timu ya bweni letu. Beki mmoja, aliyekuwa amecheza mara mbili tu, nilimpa 3. Wenzake wakamwita kwa tarakimu hiyo, naye akaacha kuja uwanjani. Aliyeshika nafasi yake hafiki hata hapo, na tangu siku hiyo tumefungwa michezo miwili. Kwa kanuni yangu mwenyewe nilikosea, maana sikujiuliza ni nani angeshika nafasi yake.

Basi nashauri haya. Mnada ubaki wa Ligi Kuu, na ubaki wa korosho, ambazo mwisho wa mchezo huliwa na wote. Fedha zisiingie, kwa kuwa kamari kwa aliye chini ya miaka 18 ni marufuku kwa sheria. Kuwapima wenzetu tumwachie mwalimu wa michezo, ambaye humwambia mtu kosa lake na namna ya kulirekebisha.

Mwenzetu yule nimekwisha kumwomba radhi. Twamngoja uwanjani.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu