Minara pacha ya Upper Hill yakumbusha uzito wa hatimiliki

MNAMO Mei 2017, miezi mitatu hivi kabla ya uchaguzi mkuu, Rais wa wakati huo, Bw Uhuru Kenyatta, alizindua ujenzi wa The Pinnacle katika mtaa wa Upper Hill, Nairobi. Ilikuwa iwe minara miwili: mmoja wa hoteli ya Hilton na mwingine wa ghorofa 70 hivi, wenye afisi na makazi, ambao urefu wake ungezidi mita 300. Wakenya waliahidiwa jengo refu kuliko yote barani Afrika.

Mwaka wa 2020 ulifika ukapita bila mnara hata mmoja kusimama. Mzozo kuhusu umiliki wa kiwanja ulikuwa umefikishwa mahakamani na kazi ikakwama.

Hakuna anayeweza kudai kuwa Nairobi haina uwezo wa kujenga. Jumba la KICC limekuwepo tangu 1973, na Britam Tower, lenye mita 200, lilikamilika papo hapo Upper Hill mwaka ule ule wa uzinduzi. Kilichoyumba ni karatasi, wala si zege.

Na hapo ndipo suala hili linapomhusu mwananchi ambaye hana haja na hoteli za kifahari. Majengo ya aina hii, yenye maduka chini, afisi katikati na nyumba juu, aghalabu hujengwa kwa fedha za watu wanaolipia nyumba zikiwa bado michoro. Ndivyo inavyofanyika Kilimani, Kileleshwa na hata Ruaka. Mnunuzi huonyeshwa picha ya kidimbwi cha kuogelea na nyumba ya mfano yenye sofa nzuri. Historia ya ardhi iliyo chini ya sofa hiyo ni wachache wanaoiulizia.

Sheria kuhusu umiliki wa sehemu za majengo, iliyopitishwa 2020 kuchukua nafasi ya ile ya 1987, ilileta nafuu kwa kumwezesha mwenye nyumba ghorofani kupata hati yake binafsi. Hata hivyo, hati hiyo huzaliwa na hati mama ya kiwanja. Mama akiwa na kasoro, mtoto hana pa kusimama.

Aprili 2023, Mahakama ya Juu ililitia jambo hili uzito mpya. Katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, iliyohusu ardhi ya ufuoni Nyali, majaji waliamua kuwa hatimiliki pekee haitoshi ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Aliyenunua kwa nia njema hapati kinga.

Kwa hivyo, kuthibitisha jina la mmiliki wa sasa katika mfumo wa Ardhisasa, uliozinduliwa 2021, ni hatua ya kwanza tu. Mnunuzi anahitaji wakili wa kufuatilia namna ploti ilivyotoka mkono hadi mkono, tangu ilipogawiwa mara ya kwanza. Gharama ya kazi hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya nyumba. Wajenzi nao, ikiwa hawana la kuficha, wakubali malipo ya kwanza yakae kwenye akaunti ya mawakili hadi ukaguzi huo ukamilike.