Tusiisingizie hina, mkosaji ni unga mweusi

Ukitembea ufuoni Diani msimu wa watalii, kuanzia upande wa Msikiti wa Kongo ukishuka kuelekea Kinondo, hutakosa kuwaona akina mama na mabinti waliokaa kivulini wakiwa na madaftari ya michoro mapajani. Wanawapaka wageni hina. Maua, kobe, samaki, jina la mchumba, kila mtu na apendalo. Ni kazi ya halali na imelipa karo za watoto wengi wa Ukunda. Sina ugomvi nayo hata kidogo.

Ugomvi wangu ni na unga mweusi, ule tuuitao piko.

Mwaka juzi mpwa wangu aliolewa Msambweni. Alipakwa hina nyekundu mikononi na miguuni kama ada, kisha michoro ikazungushiwa piko ili ing'ae kwenye picha. Siku ya pili ya harusi akaanza kujikuna. Siku ya tatu kila ua lililochorwa kwa piko lilikuwa limeinuka, limejaa malengelenge ya maji, utadhani mtu amelifuata kwa kijiti cha moto. Lililoshangaza ni kwamba penye hina nyekundu hapakuwa na kitu. Jirani mmoja mtu mzima akasema ni jicho la wenye husuda. Mwingine akaleta limau akamue juu ya vidonda. Bibi harusi mwenyewe alikuwa akilia na kuuliza, “Shangazi, mbona mimi napaka piko kila Idd tangu utotoni?”

Swali hilo ndilo kiini cha makala ya leo, kwani jibu lake liko kinyume na tunavyodhania wengi. Tunadhani kitu tulichokizoea hakiwezi kutudhuru. Mzio, yaani aleji, hauendi hivyo. Aghalabu mara ya kwanza mwili hunyamaza, lakini huku unaiweka sura ya adui akilini. Unaweza kunyamaza mara ya pili na ya tano. Siku unapoamua kupigana hukuonyi, na tangu siku hiyo hausahau tena. Aliyekwisha kupata mzio wa namna hii huwa nao maisha yake yote. Ndiyo maana mpwa wangu aliumwa baada ya siku mbili tu, ilhali mtu ambaye mzio unamwanzia kwa upako wake wa kwanza anaweza kukaa wiki moja au mbili ndipo ngozi ianze kuchachamaa. Mtalii wa aina hiyo huwa amekwisha kurudi kwao.

Hina yenyewe ni majani ya mhina, yaliyokaushwa na kusagwa. Rangi yake huanza ya machungwa, kisha hukolea kwa siku moja au mbili ikawa kahawia au nyekundu iliyoiva. Haiwi nyeusi kama wino, hata uichanganye na majani ya chai, karafuu na limau. Na haina haraka. Huachwa ngozini saa nyingi, wengine hulala nayo.

Sasa mgeni aliyeketi kwenye mchanga na boti inamngoja kwenda Kisite hana saa sita za kungojea. Anataka mchoro mweusi, uliokolea, sasa hivi. Hapo ndipo piko ilipopata soko. Nilipomuuliza mpakaji mmoja kwa nini haachani nayo, alinijibu bila kukasirika: “Dada yangu, nikimpaka nyekundu anasema haionekani, anaenda kwa mwenzangu.” Siwezi kumlaumu kwa hilo.

Piko nyingi ni rangi ya nywele. Ni ule unga wa kuficha mvi, uliokorogwa na maji na kupakwa ngozini. Kinachoupa weusi ni kemikali iitwayo parafenilendiamini, ambayo kwa kifupi huandikwa PPD. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, rangi ya nywele inapokwisha kuchanganywa hairuhusiwi kuwa na zaidi ya asilimia 2 ya kemikali hiyo ikifika kichwani, na kuipaka ngozini kwa kujichora hairuhusiwi kabisa. Huko Marekani hata hina yenyewe imeidhinishwa kwa nywele tu, si kwa ngozi. Lakini hina nyeusi za mitaani zilizopimwa nchi mbalimbali zimewahi kukutwa na PPD zaidi ya asilimia 10. Na huku nyumbani wako wanaotia petroli au mafuta ya taa ili rangi izame. Hayo sihitaji kuyaeleza.

Tukitaka kujua ukali wa kitu hiki tuwaulize Wasudani, ambao nao ni watu wa hina. Tangu miaka ya 1980 madaktari wa Khartoum wameandika juu ya wanawake walioletwa hospitalini koo limevimba hadi pumzi haipiti, na figo zimesimama, baada ya PPD kuingia mwilini, wengi wao kwa kuinywa kwa kusudi la kujiua. Wengine hawakupona. Wenye kuiweka nyumbani kwenye kikopo kisicho na kifuniko, na watoto wanacheza hapo hapo, wafikirie.

Wafumaji wa Ulaya wanaokandamiza sufu ya kondoo kutengeneza vitambaa vizito nao wana kisa kama chetu. Mikono ikiwasha hulaumu sufu, na ni kweli kwamba nyuzi zake nene huchoma ngozi laini. Lakini mara nyingi mkosaji ni sabuni na maji ya moto yanayotumika saa nzima, au rangi iliyotiwa. Sufu husingiziwa kama hina inavyosingiziwa kwetu.

Hata hivyo nisiipambe hina kupita kiasi. Kuna mahali pamoja ambapo hata ile safi ina hatari, nako ni kwa watoto wachanga. Pwani yetu, kwa sababu ya historia ndefu ya malaria, ina watu wengi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Kwa mtoto mwenye upungufu huo, hina iliyopakwa mwilini inaweza kupenya na kupasua chembe nyekundu za damu, akawa manjano na kuishiwa damu. Hakuna anayeweza kumtambua kwa kumtazama. Mpendezesheni mtoto kwa nguo.

Wapo wanaoshauri kwamba mtu apakwe tone dogo kwanza, angoje siku mbili. Kwa aliyekwisha kuwa na mzio, tone hilo litasema kweli, kwa maumivu. Kwa ambaye hana, linaweza kunyamaza na papo hapo likamfungulia mlango wa mzio. Mimi nasema piko isipakwe ngozini, basi. Mpakaji mwenyewe ndiye ashikaye unga huu kila siku, na glovu zile za mpira wa kawaida PPD huzipenya. Afadhali za nitrili.

Kuwafukuza akina mama hawa ufuoni hakutasaidia. Afya iko mikononi mwa serikali za kaunti tangu ugatuzi wa 2013. Maafisa wa afya ya umma wa Kwale waende madukani unakouzwa unga huu bila jina wala maelezo, na wakae na wapakaji, si kuwatishia. Na hoteli ziwaambie wageni wao jambo moja tu: ikiwa nyeusi kwa nusu saa, si hina.

Aliyekwisha kuungua aioshe kwa maji mengi na sabuni isiyo kali. Asitumbue malengelenge, asipake limau wala dawa ya meno. Limau likikutana na jua la Diani huunguza ngozi hata ile nzima. Aende zahanati, kwani dawa za kutuliza uvimbe huu hutolewa kwa kipimo. Uso au midomo ikivimba, au pumzi ikibana, asingoje asubuhi.

Mpwa wangu alipona baada ya wiki kadhaa. Maua yale yamebaki mikononi kama kivuli cheupe, na picha za harusi hapendi kuziona. Daktari alimweleza kwamba sasa ajihadhari na rangi zote za nywele, na pia baadhi ya dawa za ganzi na za salfa, kwa kuwa mwili unaweza kuzifananisha na adui yule yule. Amemwandikia karatasi ndogo yenye jina la kemikali ile. Anaiweka pochini, pamoja na kitambulisho.